Muulize Mwalimu: Watoto, waifai na chujio lisilo na mwenyewe

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia jambo moja, waifai ya watoto, kuanzia makao ya watoto Kayole hadi deikea ya Pipeline, na nimeona niziweke pamoja juu majibu yake yanashikana. Mimi nimekaa kwenye maabara ya kompyuta ya shule ya upili hapa Nairobi miaka mingi, nimefunga saiti na nimefungua saiti, watoto wamenipita na nimewafikia, kwa hivyo nitajibu yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

"Waifai ing'olewe?"

*Mwalimu habari yako. Mimi ni mlezi kwenye makao ya watoto huku Kayole, tuna watoto thelathini na wanne, wadogo wana miaka sita na wakubwa wako Fomu 4. Mwaka huu wasamaria wema walituletea laptopu nane na wakatulipia waifai ya mwaka mzima, tukafurahi sana juu homuweki za siku hizi bila intaneti mtoto anaachwa nyuma. Sasa wiki mbili zilizopita saa tano usiku nikasikia vicheko ukumbini, kwenda nikapata vijana watatu wanaangalia zile video chafu na katoto ka Gredi ya 2 kamesimama nyuma ya kiti kanaangalia pia. Nililia mwalimu. Mwenyekiti wetu anasema waifai ing'olewe kabisa, na fundi aliyetuwekea anataka tumlipe elfu tatu na mia tano kila mwezi atuwekee chujio, hiyo kwetu ni pesa ya unga. Nifanyeje?*
Mlezi, Kayole

Mama mlezi, pole sana. Kabla ya mambo ya rauta, kile kisanduku kinachotoa waifai, anza na huyo mtoto wa Gredi ya 2. Kaa naye pembeni, muulize aliona nini na alisikia vipi, mwambie hajakosea na hatachapwa, na mwambie akiona kitu kama hicho tena akuje kwako mbio. Mtoto mdogo akiona mambo hayo halafu aone watu wazima wanapiga kelele na kugombana, anaanza kufikiri kosa ni lake, na siku nyingine atanyamaza. Na hao vijana watatu pia waongeleshwe, mmoja mmoja, bila kuaibishwa mbele ya wengine.

Sasa chujio. Hiyo elfu tatu na mia tano usilipe kwanza, juu kazi kubwa inafanyika bure. Ni hivi. Ukiandika jina la saiti, laptopu haijui saiti hiyo iko wapi, inauliza kwanza, na kuna kompyuta huko nje ambazo kazi yake ni kujibu hilo swali tu, inaitwa DNS, unaipa jina inakupa namba. Rauta yenu ina mahali pa kuchagua itauliza nani. Ukiielekeza kwa DNS ya familia, mtoto akiandika jina la saiti chafu hiyo DNS inakataa kutoa namba na ukurasa haufunguki, kwa kila kifaa kilicho kwenye waifai yenu, laptopu zote nane na simu ya mpishi pia.

Nyinyi ningewawekea CleanBrowsing, ile Family Filter yao ya bure, namba zake ni 185.228.168.168 na 185.228.169.168. Inafunga saiti za ngono, inafunga saiti nyingi za VPN ambazo vijana hupitia kukwepa, inalazimisha Google, Bing na YouTube zikae kwenye hali salama, na pia inafunga zile saiti za mchanganyiko, zilizobeba mazuri na machafu pamoja, kama Reddit. Ukiona imebana sana kuna ya Cloudflare, 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ilianza Aprili 2020, hiyo ni nyepesi, inafunga ngono na programu za kudhuru kompyuta lakini kamari haigusi, na nyinyi mko na vijana wa Fomu 4 kwa hivyo kamari muifikirie pia. OpenDNS Home inakuruhusu kuchagua aina za kufunga na kamari ikiwemo, ila inataka akaunti na inataka ijue anwani ya intaneti yenu, na hiyo anwani hubadilika mara kwa mara, itabidi mtu aikumbuke.

Kuingia kwenye rauta andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwa browza, paswadi mara nyingi imebandikwa chini ya rauta yenyewe, na ukishaingia badilisha hiyo paswadi siku hiyo hiyo juu watoto wanaweza kugeuza rauta wakaisoma kama wewe. Rauta zingine kampuni zimefunga hiyo sehemu ya DNS, hapo mpigie simu mtoa huduma umwambie ni makao ya watoto, au uweke hizo namba kwa kila laptopu na watoto wapewe akaunti ya kawaida isiyo ya admini, wasiweze kugeuza. Ukimaliza usijaribu kwa kufungua saiti chafu mbele ya watoto. Kama umeweka ya Cloudflare kuna ukurasa wa majaribio, nudity.testcategory.com, hauna uchafu wowote, ukikataa kufunguka ujue kazi imeshika.

Lakini nisikudanganye mama, hiyo DNS inaona jina la nyumba tu, haioni vyumba. Saiti karibu zote siku hizi ni https, mazungumzo yamefungwa, kwa hivyo chujio linajua mtoto ameenda YouTube na halijui ameangalia video gani, linajua amefungua WhatsApp na halijui anaongea na nani. Mtu mzima anayemwandikia mtoto wenu maneno matamu usiku, mtu wa gemu ya Free Fire au mtu aliyekuja hapo na zawadi akachukua namba, huyo hakuna DNS itakayomzuia. Hao ndio hunitia hofu zaidi ya zile video.

Ndiyo maana mwenyekiti wenu nisingemfuata, ingawa naelewa moyo wake. Ukitoa waifai wale wakubwa watanunua bando ya saa moja kwa simu ya kuazima na huko hakuna chujio lolote, na wadogo watabaki bila kitu. Simu za wakubwa kama ni Android 9 kwenda juu, ingia setingi utafute Private DNS uandike family-filter-dns.cleanbrowsing.org, hiyo inaenda na simu hata wakiwa kwa bando, ingawa kijana akijua mahali ilipo anaweza kuitoa, kwa hivyo muweke pamoja naye akijua sababu. Laptopu zitolewe kwenye kona, skrini ziangalie mahali watu wanapita. Rauta izimwe saa tatu usiku, hata kwa kuchomoa waya. Na homuweki nyingi haihitaji intaneti wazi: Kiwix inakupa Wikipedia nzima ndani ya laptopu bila mtandao, Kolibri inakupa masomo na video za hesabu vilevile, mnapakua mara moja na watoto wanasoma hata waifai ikikatika.

Halafu kuna hili ambalo nimeona likiharibu chujio zote nzuri: hazina mwenyewe. Fundi anakuja anaweka anaenda, baada ya miezi minne hakuna anayejua paswadi, kitu cha maana kimefungwa na hakuna wa kukifungua, kitu kibaya kimepita na mtoto hajui amwambie nani. Chagueni mtu mmoja hapo ndani, mlezi anayependwa na watoto, jina lake libandikwe ukutani juu ya hizo laptopu. Nunueni kaunta buku. Kila kitu mtoto anachoomba kifunguliwe kinaandikwa humo, na kila kitu kibaya kilichopita kinaandikwa humo, tarehe na kilichofanywa. Paswadi ya rauta iwe kwa watu wawili, asiwe fundi peke yake.

"Hata Biology imefungwa"

*Mwalimu mimi niko Fomu 3 shule ya bweni ya wasichana. Kompyuta za library zetu ukitafuta kitu cha reproduction inakataa, na hiyo ni topiki yetu ya Biology mwaka huu. Rafiki yangu mama yake ana kansa ya matiti alitaka kusoma, imekataa. Halafu juzi natafuta mambo ya insha nikaandika "namna ya kumaliza umaskini" ikaniletea onyo jekundu ati maneno machafu na jina langu likaenda kwa deputy. Wenzangu wamepata VPN wanatumia. Na mimi niweke?*
Wa Fomu 3

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili na imenigusa, juu mimi mwenyewe niliwahi kuwafanyia watoto hivyo.

Hiyo onyo jekundu nadhani najua imetoka wapi. Chujio lenu halitumii majina ya saiti peke yake, kuna kitu kimewekwa ndani ya browza kinachosoma maneno, na mtu ameketi akaongeza matusi ya Kiswahili kwenye orodha. Herufi nne za kwanza za "kumaliza" ni tusi, na "kumaanisha" vilevile, na mashine haijui neno linaanzia wapi na kuishia wapi, inaona herufi zikifuatana inapiga kengele. Si nyinyi wa kwanza. Mwaka 1996 watu wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza walishindwa kujisajili kwa AOL kwa sababu katikati ya jina la mji wao kuna tusi la Kiingereza, na hadi leo wataalamu wakiona chujio la namna hiyo wanaliita shida ya Scunthorpe. Miaka karibu thelathini imepita na bado tunawafanyia watoto wetu kosa lile lile kwa lugha yetu.

Walimu mnaosoma hapa, naomba mnisikilize. Hata nchi zilizoandika sheria ya chujio ziliweka mlango. Marekani wako na sheria ya mwaka 2000 inaitwa CIPA, shule na maktaba zinazopata punguzo la serikali la intaneti lazima ziweke chujio, na kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 2003 majaji waliikubali, na jambo lililowatuliza baadhi yao ni kwamba mtu mzima akiwa maktabani anaweza kumwomba mhudumu amfungulie. Uingereza mwongozo wa wizara ya elimu kwa shule unasema chujio liwepo na hapo hapo unaonya kufunga kupita kiasi kusizuie masomo. Msichana wa Fomu 3 anayezuiwa kusoma topiki iliyo kwenye silabasi amenyimwa somo. Na yule ambaye ameguswa vibaya na mtu nyumbani, akitafuta maneno ya kuelezea kilichompata akakuta ukurasa mwekundu na jina lake likapelekwa ofisini, huyo hatajaribu mara ya pili. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwako wewe: VPN usiweke. Ile ya bure inapitisha kila kitu chako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, paswadi zako zinaweza kuwa humo, na shuleni ukipatikana nayo kesi itageuka iwe ya VPN na ile haki yako itapotea. Andika karatasi moja, weka mifano mitatu, hiyo ya Biology, ya kansa na ya insha, tarehe na neno uliloandika, mpelekee mwalimu wa Biology kwanza kabla ya deputy, juu huyo somo lake ndilo limefungwa na atasimama na wewe. Ombeni mambo mawili tu, kuwe na mwalimu anayefungua ndani ya siku moja na orodha ya maneno ya Kiswahili iondolewe. Kama kuna jambo zito unalotaka kuzungumza na hutaki lipite kwa kompyuta ya shule, namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure.

"YouTube inarukaruka"

*Niko na kadeikea Pipeline, watoto kumi na mmoja, nawawekea katuni kwa YouTube ya TV wakati napika uji. Ikiisha moja inajiwekea nyingine na juzi nikarudi nikapata kikatuni kinachinjwa damu kila mahali. Kuna chujio la hiyo?*
Mama wa deikea

Chujio la DNS halitakusaidia hapo mama, nimesema juu, haioni ndani ya YouTube. Weka apu ya YouTube Kids uchague ile hali ya kuonyesha tu vitu ulivyoidhinisha wewe mwenyewe, au bora zaidi nunua flashi, pakia katuni ulizoziangalia mpaka mwisho, chomeka nyuma ya TV na waifai uizime. Akili Kids! iko hewani tangu 2020 bila kulipia na ni ya watoto mchana kutwa, hiyo haiwezi kurukia kitu kingine.

Na wale wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba chini ya miaka miwili skrini haifai, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Najua uji haujipiki, nimeona hizo nyumba za Pipeline na najua mko wangapi kwa chumba, lakini wageuze wale wa mwaka mmoja waangalie upande mwingine na uwape vifuniko na vijiko wacheze navyo.

"Tusome meseji zao?"

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha ICT shule ya kibinafsi Kasarani. Mkurugenzi ameona programu inayopiga picha skrini za wanafunzi kila dakika na kusoma meseji zao hata wakienda na tableti nyumbani. Anataka tuiweke muhula huu bila kusumbua wazazi.*
Mwalimu wa ICT

Mwambie mkurugenzi asiguse hiyo kitu kabla wazazi hawajakubali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 33, inasema data ya mtoto haichakatwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na lazima iwe kwa faida ya mtoto. Kama anadhani ofisi ya Kamishna wa Data haifiki mashuleni, Septemba 2023 ilipiga shule moja hapa Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu, fikiria maelfu ya skrini zilizopigwa tableti ikiwa chumbani kwa mtoto.

Mimi hata kama sheria haingekuwepo ningekataa. Kuona saiti zilizofunguliwa kwenye kompyuta za shule saa za masomo, sawa, na watoto waambiwe wazi kwamba zinaonekana. Lakini mtoto akijua kila neno lake linasomwa anahamia kwa simu ya binamu yake na huko hamtamwona kabisa.

"Picha iko kwa grupu"

*Mimi ni mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya 8, Umoja. Jana usiku mtu ametupa picha ya uchi ya msichana wa darasa hilo kwa grupu letu la WhatsApp ati wazazi tujionee. Wengine wameituma kwa mwalimu mkuu na kwa marafiki wakiuliza ni nani. Chujio la shule lilikuwa wapi?*
Mwakilishi, Umoja

Ndugu, chujio achana nalo kwanza, leo kuna mtoto ambaye mwili wake unazunguka kwa simu za watu wazima.

Wewe kama admini andika kwa karatasi namba iliyotuma, tarehe na saa. Picha yenyewe usiipige skrinishoti na usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu mkuu, hata kwa polisi kwa WhatsApp. Halafu ifute kwa kila mtu, admini anaweza, ila grupu usilivunje. Waandikie wazazi wote sasa hivi waifute kwenye simu zao na waambie kwa nini: kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018 kinamwandama anayesambaza au kumiliki picha kama hiyo ya mtoto, faini hadi shilingi milioni 20 au jela hadi miaka 25 au zote mbili, na sheria haiulizi kama ulituma kwa nia ya kusaidia.

Mzazi wa huyo msichana aambiwe na mtu mmoja, uso kwa uso, leo. Msichana asisimamishwe shule, asiitwe mbele ya paredi, asiulizwe alivaa nini au alimtumia nani mbele ya walimu kumi. Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, NCMEC, ilianza 2023, unaitumia hata ukiwa Kenya: simu yake inatengeneza alama ya hiyo picha bila picha kutoka kwenye simu, na mitandao iliyojiunga inaitafuta na kuiondoa. Magrupu ya WhatsApp haifiki, juu yamefungwa, hapo ni nyinyi wazazi wenyewe kufuta.

Pigeni 116, kisha mama yake na mtu anayemwamini waende naye kituoni waulize dawati la jinsia na watoto, wasieleze kisa chote pale kaunta mbele ya foleni. Wakimaliza kuandikisha wasiondoke bila namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Na shule yenu kama bado haina ile kaunta buku niliyomwambia mama wa Kayole, inunuliwe kesho, na hiyo namba ya OB iwe ya kwanza kuandikwa humo, pamoja na jina la mwalimu atakayeifuatilia.